Karatasi za marehemu: kisa cha nyumba moja ya Mkomani

Mzee alifariki nyumbani kwake wakati wa kusi, akazikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Khitima ilipokwisha ndipo watoto wake wanne walipobaini kwamba hakuna hata mmoja wao ajuaye kitambulisho cha baba kiko wapi. Wala hati ya nyumba. Wala kibali cha mazishi, ambacho kila mmoja alikuwa na hakika kuwa kiko kwa mwenzake. Nyumba yenyewe ni ya mawe, iko mtaa wa Mkomani katika mji wa kale wa Lamu, na karatasi haikuzikosa. Ilikuwa nazo kila pembe.

Mimi nina duka la fotokopi na kujaza fomu hapa mjini. Familia ilinijia kutaka nakala, ikaishia kuniomba niwasaidie kupanga. Mjane ameniruhusu nikiandike kisa hiki bila majina, kwa sababu anaamini nyumba nyingi zitapita alipopita yeye, nami naamini hivyo hivyo. Nitakieleza kwa kirefu kwa kuwa kinaonyesha jambo ambalo ushauri mwingi wa kupanga nyumba hauligusi: karatasi za nyumbani hupangika vizuri zikipangwa kwa kumfuata yule atakayekuja kuziuliza. Ukizipanga kwa tarehe au kwa ukubwa, utakuwa na mafungu mazuri ya kutazama, lakini siku ya haja utarudi kufukua upya.

Zilikokuwa

Nyumba za mawe za Amu, yaani Lamu, zina zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangana ukutani, ambamo zamani ziliwekwa sahani za kauri na vitabu. Katika nyumba hii zidaka zilijaa bahasha. Kasha la mama lilikuwa na vyeti vya shule vya watoto wote, pamoja na kadi za harusi za watu ambao siku hizi wana wajukuu. Juu ya kabati kulikuwa na mifuko ya nailoni, ile ya kabla ya Agosti 2017 Kenya ilipoipiga marufuku, imefungwa mafundo na mkono wa mzee mwenyewe. Kopo la biskuti lilikuwa na risiti, na chini ya godoro kulikuwa na stakabadhi za shamba.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu. Bahasha zilizoegemea ukuta wa nje zilikuwa zimeota madoa ya kahawia, na mbili kati ya hizo mchwa alikwisha kuzitoboa kutoka nyuma, kwa mbele hazionyeshi kitu. Mifuko ya nailoni ndiyo iliyofanya madhara zaidi, ingawa mzee aliitumia kwa nia ya kulinda. Hewa yetu ya bahari ikishaingia humo haitoki. Nilifungua fundo moja nikakuta vyeti viwili vya kuzaliwa vimegandana uso kwa uso, na mhuri wa zambarau wa kimoja umehamia juu ya jina lililoandikwa kwenye kingine. Tuliviacha kivulini, mbali na jua, hadi vikaachana vyenyewe pembe moja baada ya nyingine. Kuvivuta kungechana majina.

Zile risiti za kopo la biskuti nyingi zilikuwa nyeupe kabisa. Karatasi zinazochapwa kwa joto, kama za mashine za dukani na za benki, hufifia, na joto la Lamu huharakisha kufifia huko. Mzee alikuwa ametunza karatasi tupu kwa uaminifu wote. Mwenye risiti ya namna hiyo ambayo ina kazi aitoe fotokopi siku ile ile aliyoipata.

Kwa nini hakutupa kitu

Kaka mkubwa, anayefanya kazi Mombasa, alikuja na rai yake: kila kitu kipigwe picha kwa simu, kisha karatasi zichomwe. Alimwambia mama yake, kwa adabu lakini kwa kuchoka, "Mama, hizi ni takataka." Mama akamjibu, "Takataka kwako wewe usiyejua kuzisoma, mwanangu."

Nilisimama upande wa mama, na nitaeleza kwa nini. Watu wa Pwani hawakuanza kulimbikiza karatasi kwa uzembe. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa huku wajitokeze wadai ardhi zao rasmi. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Familia nyingi zilikuwa na mashamba yanayojulikana na mtaa mzima kuwa ni ya nani, lakini hazikuwa na karatasi, na zikayakosa. Baadaye, kijana wa Pwani alipokwenda kuomba kitambulisho, aliulizwa cheti cha baba na wakati mwingine cha babu. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya kujengwa kwa bandari mpya. Mvuvi aliyekuwa ametupa leseni zake za zamani ilimbidi atafute njia nyingine ya kuthibitisha kuwa aliishi kwa bahari.

Kwa hiyo mtu wa umri wa mzee huyu amejifunza, tena kwa ushahidi, kwamba karatasi uliyoitupa ndiyo utakayoulizwa kesho. Huwezi kumwambia mke wa mtu kama huyo atupe vitu vitano kila siku hadi nyumba ipumue. Utakuwa umemnyang'anya ngao bila kumpa nyingine. Njia ni kumwonyesha kila karatasi inamngoja nani. Ikishajulikana kwamba hii hapa hakuna mlango wowote wa mtu au ofisi duniani itakapoulizwa, yeye mwenyewe ataitoa mkononi.

Eda na muda wa serikali

Mjane alikuwa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani ila kwa dharura. Watoto walipendekeza mambo yote yangoje hadi amalize. Hapo ndipo nilipowasihi wasingoje. Kifo nchini Kenya hutakiwa kisajiliwe ndani ya miezi 6. Ukipitisha hapo unaingia katika usajili wa kuchelewa, wenye barua zaidi na maswali zaidi. Ukitoa miezi ya eda, kinachobaki ni kama mwezi mmoja na nusu, na bila cheti cha kifo hakuna ofisi itakayokusikiliza: si Kadhi, si benki, si NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Tena eda yenyewe ilikuwa na faida ambayo hawakuiona. Mwenye kuzijua karatasi alikuwa ameketi nyumbani, saa zote, na nyumba imetulia. Tukagawana: mama na mtoto wa kike wapange, vijana watembee ofisini.

Kibali cha mazishi kilipatikana kwa ami yao, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa kanzu ambayo hakuivaa tena tangu maziko. Bahati kanzu ilikuwa haijafuliwa. Kitambulisho kilikuwa katika koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Hicho nilikitoa nakala kadhaa, mbele na nyuma, kabla hakijaenda popote, kwa sababu kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini, na ukishakirudisha umebaki na nakala zako tu.

Mikeka ya mafungu

Tulitandika mikeka katika chumba cha ndani, madirisha ya upande wa upepo yakafungwa. Kila mkeka ulikuwa mlango wa mtu fulani. Karatasi ilipotoka katika mfuko, mama au binti yake aliisoma kwa sauti, na swali lilikuwa moja tu: hii ataiuliza nani?

Mkeka wa Kadhi ulijaa haraka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, na familia hii ilikwisha kukubaliana. Huko hutakiwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vitambulisho vya warithi, barua ya chifu inayotaja warithi ni nani, na orodha ya mali na madeni. Hapa pakatokea tatizo ambalo bila kupanga lisingeonekana hadi siku ya shauri. Jina la baba lilikuwa na tahajia tatu: Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika cheti cha ndoa, na Mohd katika barua ya shamba. Kwetu sote ni jina moja. Kwa karani ni watu watatu. Tiba yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili, inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Si kazi kubwa ukiigundua mapema, lakini ukiambiwa mbele ya meza ya ofisi, umepoteza safari.

Mkeka wa pesa ulikuwa mwepesi kuliko walivyodhani. Kitabu cha benki, kadi ya NSSF, na karatasi moja ya hisa za Safaricom zilizouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Watoto hawakujua baba yao alinunua hisa. Niliwaeleza kwamba akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka 5, na gawio lisilochukuliwa kwa muda mrefu, hukabidhiwa UFAA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kutunza fedha zisizodaiwa. Fedha hizo hazipotei, mrithi anaweza kuzidai, ila lazima kwanza ajue kwamba zipo. Kumbukumbu za kodi KRA, mamlaka ya kodi, huzitaka zitunzwe miaka 5, na kwa hiyo kibunda cha risiti za biashara ya miaka ya tisini kilihama kwa furaha kwenda mkeka wa karatasi zisizodaiwa na mtu. Kadi za NHIF, bima ya afya ya zamani, nazo zilihamia huko, maana SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo, ilichukua nafasi yake Oktoba 2024.

Stakabadhi zile za chini ya godoro zilikaribia kutupwa na kijana wa mwisho. Ni vikaratasi vidogo, vimechakaa, kila kimoja cha shilingi chache. Lakini ni malipo ya shamba la mpango wa serikali wa makazi upande wa bara, na shamba la namna hiyo hupewa mtu kwa barua ya ugavi na deni la kulipa. Barua peke yake si hati miliki. Atakayetaka kuthibitisha kwamba deni limelipwa atahitaji vile vikaratasi, kimoja kimoja. Tulivipanga kwa mwaka juu ya karatasi nyeupe na kuvitoa nakala kurasa nzima nzima.

Daftari

Sasa nifike kwenye kitu kilichobadilisha shauri lote. Ndani ya kidaka cha juu kabisa kulikuwa na daftari nene la jalada jeusi, limefungwa kwa uzi wa kushonea matanga. Kaka mkubwa alilifungua, akaona maandishi ya Kiarabu, akadhani ni nyiradi za chuoni, yaani za madrasa. Akaliweka pamoja na vitabu vya dini.

Mama alilitambua. Halikuwa Kiarabu, lilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa kuandika watu wa rika lao. Mzee katika ujana wake alichukua boriti kwa jahazi, na daftari lilikuwa la hesabu zake. Ami alikuja akavaa miwani, akasoma kwa kidole kutoka kulia: jina la mtu, kisha mzigo, kisha pesa. "Korija tatu za pau." Korija ni vipande ishirini; pau na mazio ni miti ya mikoko ya unene tofauti. "Korija moja ya mazio, nusu imelipwa." Mahali palipolipwa pamepigwa mstari. Na kurasa za mwisho, zilizoandikwa kwa kalamu ya juzi na mkono unaotetemeka, hazikuwa za boriti tena. Zilikuwa orodha ya watu aliowakopa na aliowakopesha katika miaka ya uzee, wengine majirani wa mlango wa pili. Kulikuwa na deni la mjenzi aliyetengeneza paa, na amana ya dhahabu ya mwanamke mmoja wa mtaani aliyompa aifiche, na imeandikwa iko wapi.

Dhahabu ilikuwepo, mahali pale pale palipoandikwa. Mwenyewe, bibi mkongwe, alikuwa hajathubutu kuja kuidai kwa kuona haya ya msiba.

Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba katika mirathi ya Kiislamu gharama za maziko hutangulia, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na warithi ndio wa mwisho. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Mzee aliandika. Lau karatasi zingechomwa kama ilivyopendekezwa, watoto wangegawana mali iliyo na haki za watu ndani yake, nao hawajui. Hata kupigwa picha kusingesaidia, maana aliyekuwa akipiga picha alidhani anapiga picha ya nyiradi. Ndiyo sababu nasema kupanga karatasi za mzee kufanyike pamoja na mtu wa rika lake, angali yuko. Katika miji yetu wasomaji wa herufi hizo wanapungua, na madaftari haya yako nyumba nyingi.

Daftari lilipewa mkeka wake peke yake. Ami aliamuru orodha ya madeni inakiliwe kwa herufi za kisasa, naye akatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, ili iende pamoja na shauri la Kadhi.

Karatasi zisizotupwa jaani

Katika nyumba ya Kiislamu kuna fungu ambalo ushauri wa kigeni wa kupunguza vitu haulijui. Daftari za chuoni za watoto, juzuu zilizochanika, kalenda zenye aya, hata mialiko ya maulidi iliyoandikwa Bismillah juu. Hizi haziwekwi jaani, sembuse Lamu, ambako punda hula kila wanachokikuta katika taka. Kwa sababu watu hawajui wazipeleke wapi, wanazirudisha kidakani, na hivyo ndivyo nusu ya mrundikano inavyobaki mahali pake miaka na miaka.

Mama alitaka zizikwe. Mwalimu wa chuo alisema kuzichoma kwa heshima hadi herufi ziishe nako kunakubalika, na majivu yazikwe pasipokanyagwa. Wakachagua kuzika, katika kitambaa cheupe, ndani ya kiwanja cha jamaa. Fungu hilo lilipoondoka, zidaka tano zilibaki wazi kwa mara moja, na mama, aliyekuwa akishikilia kila kitu, akaanza kutoa vitu mwenyewe: kadi za harusi, bili za stima zilizokwisha kulipwa, picha za wagombea wa uchaguzi uliopita, maagizo ya televisheni ambayo haipo tena.

Zinakokaa sasa

Zilizobaki zimeingia katika debe moja la bati lenye kifuniko cha kubana na kufuli. Kila mlango una bahasha yake ya karatasi ya kaki, imeandikwa nje kwa kalamu nene: Kadhi, Ardhi, Vyeti, Pesa, Watu. Hakuna nailoni. Nilikataa pia ombi la kijana wa mwisho la kutia vyeti plastiki ya moto. Plastiki hiyo ikishashika haitoki, na afisa anayetaka kugusa mhuri au kupiga mhuri mwingine nyuma ya karatasi anaweza kukurudisha nyumbani. Debe liko juu ya ubao, hatua mbili kutoka ukuta wa nje, na ndani yake yamewekwa majani makavu ya muarobaini kama mama zetu wawekavyo katika nguo. Kila kaskazi likiingia na hewa kukauka litafunguliwa, karatasi zipunge upepo kivulini.

Rai ya kaka mkubwa ya kupiga picha haikupotea bure. Picha zimepigwa, baada ya kupanga, na ziko kwake na kwa dada yake. Nilichowakataza ni kuzitia katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo lina watu ambao hata hawawafahamu. Nakala ya kitambulisho na hati ya nyumba si vitu vya kusambazwa.

Jambo lililochukua maneno mengi ni nani akae na debe. Desturi ingelipeleka kwa kaka mkubwa. Mimi nilitoa rai likae nyumbani kwa mama, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwa binti, kwa sababu binti ndiye aliyesoma kila karatasi kwa sauti na ndiye ajuaye kilichomo. Ami aliniunga mkono. Kaka mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mradi niandikiwe orodha." Akaandikiwa.

Cheti cha kifo kimeshatoka na shauri limefunguliwa kwa Kadhi. Deni la mjenzi limelipwa. Kilichokwama ni nyumba yenyewe. Bahasha ya Ardhi ilipofunguliwa, hati ilikutwa bado iko kwa jina la babu, baba wa marehemu, ambaye mirathi yake haikuwahi kupitishwa popote. Kwa hiyo shauri la babu litatangulia la mzee, na warithi wa babu ni wengi, wengine Faza na Siyu, wengine Unguja. Binti ameanza kuandika majina yao katika daftari jipya, na shangazi yao mkubwa wa Faza ameahidi kuja baada ya mwezi wa Ramadhani awataje wote, walio hai na waliokufa.